Stima ikirudi, mfumo ukatae: kupanga mfuatano wa kuwaka kwa huduma za seva

Hapa Mombasa seva nyingi za ofisini hazizimwi, hukatikiwa. Stima inapotea, UPS inashikilia mpaka betri inaishiwa, kisha stima inaporudi kila kitu kwenye kile chumba kidogo kinawaka kwa mpigo mmoja: seva, ruta, swichi, sanduku la diski. Taa zote ni za kijani. Dakika chache baadaye karani wa kaunta anapiga simu: "Fundi, mfumo umekataa tena. Unaandika 502," yaani kosa la kwamba programu iliyo nyuma ya ukurasa haijibu. Fundi anaingia kwa mbali, anaandika `systemctl restart`, mfumo unakubali, na mambo yanaishia hapo hadi siku stima itakapopotea tena.

Ile restart hufaulu kwa sababu hakuna kilichoharibika. Programu ilitangulia, hifadhidata ikachelewa, programu ikakata tamaa. Anayeirudisha saa nzima baadaye anakuta hifadhidata iko tayari, basi inaingia bila taabu. Hili ni tatizo la mfuatano, na linatibika mara moja kwa mistari michache. Naliandikia kwa kirefu kwa sababu naona ofisi zinanunua seva mpya, RAM zaidi, hata jenereta, kwa ugonjwa ambao dawa yake ni faili moja la maandishi.

Mwongozo huu ni wa seva za Linux zinazotumia systemd, programu inayowasha na kusimamia huduma nyingine zote, yaani Ubuntu na Debian tangu 2015, na Red Hat Enterprise Linux na ndugu zake tangu toleo la 7 la 2014. Mfano wangu ni ofisi ya uwakala wa forodha inayohudumia wenye mizigo bandarini Kilindini. Seva ni moja, ya Ubuntu. Ndani yake kuna hifadhidata ya PostgreSQL 16, programu ya kufuatilia mizigo inayoendeshwa na `mizigo.service`, na mbele yake nginx, seva ya wavuti inayopokea maombi ya watumiaji. Hati zilizoskaniwa zinakaa kwenye NAS, lile sanduku la diski linalofikiwa kwa mtandao, nazo huonekana kwenye seva kama folda `/srv/nyaraka`. Badilisha majina yalingane na ya kwako.

## Anza na logi

Kabla ya kugusa chochote, soma kilichotokea tangu seva iwake:

```
journalctl -b -o short-monotonic -u postgresql@16-main -u mizigo -u nginx
```

`-b` inaleta logi za uwashaji wa sasa tu. Ukitaka za uwashaji uliotangulia andika `-b -1`. Hiyo `short-monotonic` ndiyo ninayoisisitiza. Badala ya saa ya ukutani, inahesabu sekunde tangu kiini cha Linux kianze. Baada ya stima kukatika saa ya seva huenda ikawa imepotoka, kisha ikarekebishwa katikati ya uwashaji, na logi zenye saa za kawaida zikaonekana kama zimerudi nyuma. Sekunde za uwashaji hazirudi nyuma.

Kwenye seva yenye tatizo hili utaona kitu cha namna hii:

```
[   14.611902] seva systemd[1]: Starting postgresql@16-main.service...
[   14.802113] seva systemd[1]: Started mizigo.service.
[   15.390447] seva mizigo[911]: FATAL:  the database system is starting up
[   15.402210] seva systemd[1]: mizigo.service: Main process exited, code=exited, status=1/FAILURE
...
[   18.240876] seva systemd[1]: mizigo.service: Start request repeated too quickly.
[   31.207715] seva systemd[1]: Started postgresql@16-main.service.
```

Tazama pengo lililopo. PostgreSQL ilianza kwenye sekunde ya 14 na ikawa tayari kwenye sekunde ya 31. Katikati hapo ilikuwa inajitengeneza: ukifungua logi zake chini ya `/var/log/postgresql` utakuta maneno `database system was not properly shut down; automatic recovery in progress`. Hiyo ni kazi halali. Hifadhidata iliyokatikiwa lazima ipitie upya mabadiliko yote yaliyoandikwa tangu ilipoweka alama yake ya mwisho, na kwa kawaida huweka alama hiyo kila dakika 5. Kadiri ofisi ilivyokuwa na shughuli stima ilipopotea, ndivyo ukarabati unavyorefuka. Ndiyo maana tatizo hujitokeza siku za msongamano na kujificha siku za utulivu, na watu wakaanza kusema mfumo una mashetani.

Nayo `mizigo` ilijaribu, ikafa, ikajaribu, ikafa, na kufikia sekunde ya 18 systemd ikaikatalia kabisa. Sekunde 13 baadaye hifadhidata ikafungua mlango, na hapakuwa na mtu wa kubisha.

## Mpangilio na utegemezi ni mambo mawili tofauti

Wengi huandika `Requires=postgresql.service` kwenye faili la huduma na kuamini wamemaliza. Hawajamaliza. Kwenye systemd, maagizo yanayosema "namhitaji fulani" hayasemi lolote kuhusu nani atangulie. Ukiandika `Requires=` peke yake, systemd itaziwasha zote mbili kwa pamoja.

Maagizo unayoyahitaji ni haya:

`After=` ni zamu tupu. Inasema: kama yule naye anawashwa, mimi nifuate. Haimwashi.

`Wants=` inamwasha mwenzako pamoja nawe, lakini akishindwa wewe unaendelea.

`Requires=` inamwasha pia. Ukiiweka pamoja na `After=` na mwenzako akashindwa kuwaka, wewe huwashwi. Akizimwa au akirestatiwa kwa amri, nawe unazimwa au unarestatiwa naye.

`BindsTo=` ni kali zaidi: mwenzako akitoweka kwa njia yoyote, hata kwa kuanguka mwenyewe, nawe unasimamishwa.

Kwa programu na hifadhidata yake, mimi huchagua `Wants=` pamoja na `After=`, na sababu yangu ni hii. Ukitumia `Requires=` na hifadhidata ikashindwa mara ya kwanza, logi itaandika `Dependency failed for mizigo.service` na mchezo umekwisha. Agizo la `Restart=` halitakusaidia hapo, kwa kuwa huduma haikuanza hata ikaanguka; kazi yake ilifutwa kabla. Hifadhidata ikiinuka dakika moja baadaye, programu yako bado imelala. Katika mji ambao stima hurudi, ikapepesa, ikakatika na kurudi tena, nataka programu inayoendelea kubisha mlango.

Kuona hali ilivyo sasa:

```
systemctl cat mizigo.service
systemctl show -p After -p Wants -p Requires mizigo.service
systemctl list-dependencies --after mizigo.service
systemd-analyze critical-chain mizigo.service
```

Ya mwisho inachora mnyororo wa nani alimngoja nani, na kila mmoja alichukua sekunde ngapi. Ni nzuri, ila inajua tu kile systemd inachokijua, na hapo ndipo penye utata unaofuata.

## Kuwaka na kuwa tayari

Abiria wa feri ya Likoni hawaruhusiwi kukimbilia chomboni kinapoonekana majini. Wanangoja kiguse ukingo na mlango ushuke. `After=` inangoja systemd iamini kwamba mwenzako yuko tayari, na imani hiyo inatokana na mstari wa `Type=` kwenye faili la mwenzako.

Huduma ya `Type=simple`, ambayo ndiyo aina ya kawaida usipoandika kitu, huhesabiwa kuwa imewaka mara tu mchakato wake unapozaliwa. Haijasoma mipangilio, haijafungua poti, lakini systemd imeshawaruhusu wanaoingoja. `Type=forking` hungoja mchakato mzazi utoke. `Type=oneshot` hungoja kazi imalizike kabisa, na inafaa kwa hatua kama kusasisha muundo wa hifadhidata kabla ya programu kuanza; iongezee `RemainAfterExit=yes`. `Type=notify` ndiyo ya kweli kuliko zote: programu yenyewe hutuma ujumbe `READY=1` inapokuwa tayari. Gunicorn inaiunga mkono, kwa hiyo kama programu yako ya Python inaendeshwa nayo, andika `Type=notify` na yeyote anayeingoja `mizigo` atangoja kwa haki.

Sasa mtego unaowanasa wengi kwenye Ubuntu na Debian. `postgresql.service` ni ganda tu. Ukiitazama kwa `systemctl cat postgresql.service` utaona `ExecStart=/bin/true`, amri isiyofanya kitu na isiyoshindwa kamwe. Hifadhidata halisi inaendeshwa na yuniti (huduma kama systemd inavyoijua) yenye toleo na jina la klasta, yaani seti ya hifadhidata zinazoendeshwa pamoja, kama `postgresql@16-main.service`. Hifadhidata ikishindwa kuwaka, ganda litaendelea kuonyesha kijani, na huduma yoyote iliyoandika `Requires=postgresql.service` itapita moja kwa moja. Tegemea yuniti halisi. Jina lake utalipata kwa:

```
systemctl list-units 'postgresql@*'
```

Ukihamia toleo jipya la PostgreSQL, jina hilo linabadilika, na utalazimika kuja kulibadilisha hapa. Andika kumbukumbu.

## Andika marekebisho

Usihariri faili lililokuja na kifurushi, sasisho litalifuta. Tumia:

```
sudo systemctl edit mizigo.service
```

Weka haya, katika nafasi ambayo kihariri kinakuonyesha:

```
[Unit]
Wants=postgresql@16-main.service network-online.target
After=postgresql@16-main.service network-online.target
RequiresMountsFor=/srv/nyaraka
StartLimitIntervalSec=0

[Service]
ExecStartPre=/usr/local/bin/ngoja-hifadhidata
TimeoutStartSec=180
Restart=on-failure
RestartSec=5
```

Mistari ya `Restart` ndiyo yenye kuokoa ofisi nyingi, kwa hiyo tukae hapo kidogo. Kwa kawaida systemd hungoja milisekunde 100 tu kati ya jaribio na jaribio, na huduma ikianzishwa zaidi ya mara 5 ndani ya sekunde 10 huachwa. Rejea logi ya hapo juu uone jinsi majaribio yote yalivyokwisha ndani ya sekunde tatu na ushei. `RestartSec=5` inayapa majaribio nafasi, na `StartLimitIntervalSec=0` inaondoa kikomo chenyewe. Hakikisha kikomo kimeandikwa chini ya sehemu ya Unit; ukikiweka chini ya Service kwa jina hilo hakitasomwa, na logi itakunong'oneza tu kwamba kuna neno isilolijua.

Kuna wanaopinga kuondoa kikomo, wakisema huduma mbovu itajaribu milele. Ni kweli itajaribu milele, mara moja kila sekunde tano, na mzigo huo seva haiusikii. Huduma iliyojifia kimya usiku ina gharama kubwa zaidi: asubuhi dereva wa lori yuko getini na hati zake hazifunguki.

Skripti ya kungoja ni hii:

```
#!/bin/sh
n=0
until pg_isready -q -h 127.0.0.1 -p 5432; do
  n=$((n+1))
  if [ "$n" -ge 60 ]; then
    echo "hifadhidata haijajibu, natoka" >&2
    exit 1
  fi
  sleep 2
done
```

Ihifadhi kama `/usr/local/bin/ngoja-hifadhidata` kisha uipe ruhusa ya kuendeshwa kwa `sudo chmod 755`. `pg_isready` huja pamoja na vifaa vya PostgreSQL na haihitaji nywila. Ikirudisha 0, hifadhidata inapokea wageni. Ikirudisha 1, iko hai lakini inakataa, kama wakati wa ule ukarabati. 2 maana yake hakuna anayejibu. Skripti hungoja kama dakika mbili. Kwa sababu hiyo nimepandisha `TimeoutStartSec` hadi 180: kiwango cha kawaida ni sekunde 90, na muda wa `ExecStartPre` huhesabiwa ndani yake, kwa hiyo systemd ingeiua skripti katikati ya subira yake. Skripti ikitoka na kosa, huduma nzima huhesabiwa imeshindwa na `Restart=` huianzisha tena.

Mtu atauliza: kama `After=` tayari inangoja yuniti halisi, skripti ya nini? Ni kwa siku ukarabati utakaporefuka kuliko subira ya amri inayoiwasha PostgreSQL, na kwa siku utakapoihamishia hifadhidata kwenye seva nyingine. systemd hupanga zamu ndani ya mashine moja tu. Haijui lolote kuhusu mashine ya jirani, hata kama ziko kwenye rafu moja. Hifadhidata ikihama, `After=` inakufa, na skripti inaendelea kufanya kazi ukibadilisha anwani tu.

Ukihifadhi kwa `systemctl edit`, systemd husoma mipangilio upya yenyewe. Ukiandika faili kwa mkono, kumbuka `sudo systemctl daemon-reload`.

## Folda ya nyaraka, palipo na hatari kubwa

Kuchelewa kwa hifadhidata kunaleta usumbufu. Kuchelewa kwa NAS kunaweza kupoteza hati za watu, na ndiyo sababu hapa nimebadilisha msimamo na kutumia utegemezi mkali.

Fikiria seva imewaka na NAS bado inakagua diski zake. `/srv/nyaraka` ipo, kwa sababu folda ya kupachikia, yaani ile NAS inapounganishwa, ipo siku zote kwenye diski ya seva, lakini ni tupu. Programu inaanza. Karani anaskani ankara na hati ya mzigo, programu inaziandika kwenye hiyo folda tupu, bila kosa lolote. Dakika mbili baadaye NAS inaamka na kupachikwa juu ya folda ile ile. Hati za karani zimefunikwa. Mfumo unasema zipo, folda haina, na nakala rudufu ya NAS haizijui.

`RequiresMountsFor=/srv/nyaraka` inazuia hilo: huduma haianzi mpaka folda ipachikwe kweli, na isipopachikwa haianzi kabisa. Lakini basi upachikaji wenyewe uwe na subira. Kwenye `/etc/fstab`, faili linaloorodhesha diski za kupachikwa:

```
192.168.10.20:/nyaraka  /srv/nyaraka  nfs  _netdev,nofail,retry=5,x-systemd.mount-timeout=6min  0 0
```

`_netdev` inaiambia systemd kwamba hii ni diski ya mtandao. `nofail` inaruhusu seva yenyewe iendelee kuwaka hata NAS ikikosekana, ili angalau uweze kuingia kwa SSH. `retry=5` ni dakika ambazo amri ya NFS, njia ya kupachika folda kwa mtandao, itaendelea kujaribu; kawaida ni 2. Na `x-systemd.mount-timeout` lazima iwe ndefu kuliko hiyo, la sivyo systemd itakata mambo kabla.

Angalia, `nofail` pia huondoa zamu ya kawaida kati ya upachikaji na huduma nyingine. Mwenye kuiweka bila `RequiresMountsFor=` amefungua mlango wa ile ajali niliyoieleza.

Ongeza kinga ya pili. Wakati folda haijapachikwa, na huduma imezimwa, funga folda tupu isiandikwe:

```
sudo systemctl stop mizigo
sudo umount /srv/nyaraka
sudo chattr +i /srv/nyaraka
sudo mount /srv/nyaraka
sudo systemctl start mizigo
```

Alama hiyo hubaki kwenye folda ya chini tu. NAS ikipachikwa juu, kuandika kunaendelea kama kawaida.

Na kama unahofu kuna hati zilishafunikwa zamani, unaweza kuchungulia chini bila kuzima chochote:

```
sudo mkdir -p /mnt/chini
sudo mount --bind / /mnt/chini
ls -la /mnt/chini/srv/nyaraka
sudo umount /mnt/chini
```

Kila ofisi yenye NAS na iliyokatikiwa na stima mara nyingi ifanye ukaguzi huu leo.

## Mtandao, anwani na saa

`network.target` haimaanishi mtandao umefika. Inasema tu programu ya kusimamia mtandao imeanzishwa. Unayoitaka ni `network-online.target`, na lazima uitaje kwenye `Wants=` na kwenye `After=` pia.

Ukishaiweka, huenda seva ikaanza kukwama dakika mbili kila inapowaka, ikiandika kwenye skrini `A start job is running for Wait for Network to be Configured`. Mara nyingi chanzo ni seva yenye poti mbili za mtandao ambapo waya umechomekwa kwenye moja. Mngojaji anazingoja zote. Kwenye netplan, faili la mipangilio ya mtandao la Ubuntu, chini ya poti isiyotumika, weka `optional: true`, kisha `sudo netplan apply`.

Kosa jingine la uwashaji ni `Cannot assign requested address`: huduma imeagizwa isikilize kwenye anwani maalumu ambayo poti haijaipata bado. Kama hailazimiki, isikilize kwenye anwani zote na uachie ukuta wa moto kazi ya kuchuja.

Saa nayo ina zamu yake. Betri ndogo ya ubaoni ikiisha, seva huwaka na tarehe ya nyuma, vyeti vya TLS vinaonekana havijaanza kutumika, na mawasiliano na mifumo ya nje yanakataliwa. Kwa wanaotumia systemd-timesyncd, washa `systemd-time-wait-sync.service` kisha uongeze `Wants=time-sync.target` na `After=time-sync.target`. Lakini usiifunge programu nzima kwa saa. Mngojaji huyo hana kikomo. Intaneti ikikosekana atangoja mpaka kesho, na makarani wangeweza kufanya kazi ya ndani bila intaneti. Ifunge ile huduma ndogo tu inayotuma taarifa nje. Halafu nunua betri ya CR2032, ni bei ya chai na mahamri.

## Nginx iache huru

Usiiandikie nginx `Requires=mizigo.service`. Nginx haihitaji programu iwe hai ili yenyewe iwake. Itatoa 502 mpaka programu ijibu, kisha mambo yanaendelea. Bora zaidi, weka ukurasa wako wa 502 unaosema mfumo unawaka, subiri dakika mbili. Karani akiusoma hapigi simu.

Chunga kitu kimoja kinachoweza kuizuia nginx kuwaka: ukiandika jina la mashine badala ya anwani kwenye `upstream` au `proxy_pass`, na DNS, inayogeuza majina kuwa anwani, haijapatikana, itakufa na `host not found in upstream`. Andika `127.0.0.1:8000`, au uliweke jina hilo kwenye `/etc/hosts`.

## Ukitumia Docker

Docker huendesha kila huduma ndani ya kontena, kama kisanduku chake, na faili la Compose huziorodhesha. `depends_on` fupi kwenye faili hilo hungoja kontena ianzishwe tu, haingoji iwe tayari. Andika ndefu:

```
services:
  hifadhidata:
    image: postgres:16
    restart: unless-stopped
    healthcheck:
      test: ["CMD-SHELL", "pg_isready -U postgres"]
      interval: 5s
      retries: 30
  mizigo:
    image: mizigo:1
    restart: unless-stopped
    depends_on:
      hifadhidata:
        condition: service_healthy
```

Hii inafanya kazi vizuri unapoandika `docker compose up`. Seva ikiwaka upya, Docker yenyewe huamsha kontena kwa sera ya `restart`, na haiangalii `depends_on` hata kidogo. Kwa hiyo subira iwe ndani ya programu: ishike kosa la kuunganishwa, ingoje, ijaribu tena. Kama huwezi kugusa programu, angalau `restart: unless-stopped` itairudisha kila inapoanguka.

## Ukikutana na mduara

Ukiongeza `After=` kila upande, siku moja utaona `Found ordering cycle`, na systemd itaitupa kazi mojawapo ili ijinasue. Itakayotupwa huenda ndiyo unayoitaka. Chanzo cha kawaida ni diski kwenye `fstab` iliyopewa `x-systemd.requires=` ya huduma fulani bila `_netdev`: huduma zote hungoja diski za ndani, na sasa diski ya ndani inangoja huduma. Kagua mapema kwa:

```
systemd-analyze verify /etc/systemd/system/mizigo.service
```

## Jaribu ukiwa umekaa, usingoje stima ipotee

Jaribio la kwanza ni la zamu. Icheleweshe hifadhidata makusudi kwa `sudo systemctl edit postgresql@16-main.service`:

```
[Service]
ExecStartPre=/bin/sleep 45
```

Restati seva, soma logi kwa ile amri ya mwanzo. `mizigo` isionekane kabisa mpaka PostgreSQL iandike `Started`. Ukimaliza, futa `override.conf`, faili lililotengenezwa na `systemctl edit`, iliyo ndani ya `/etc/systemd/system/postgresql@16-main.service.d/`, kisha `daemon-reload`.

Jaribio la pili ni la subira. Hapa kuna ujanja unaohitajika, kwa sababu ukiizima hifadhidata na kuiwasha programu, `Wants=` itaiamsha hifadhidata tena. Ifiche kwanza:

```
sudo systemctl stop mizigo postgresql@16-main
sudo systemctl mask --runtime postgresql@16-main
sudo systemctl start --no-block mizigo
systemctl status mizigo
```

Hali iwe `activating`, na skripti ya kungoja ionekane ndani yake. Iache zaidi ya dakika mbili ili uione ikishindwa na kuanza upya. Kisha:

```
sudo systemctl unmask --runtime postgresql@16-main
sudo systemctl start postgresql@16-main
```

Ndani ya sekunde chache `mizigo` iwe `active` bila wewe kuigusa.

La tatu ni la chumba kizima, kwa sababu restati ya seva peke yake haiizimi ruta wala NAS. Lifanye baada ya saa za kazi, nakala rudufu zikiwa zimekamilika. Kwenye BIOS ya seva tafuta mpangilio wa stima inaporudi na uweke iwake siku zote. Ukiiacha kwenye hali ya mwisho, seva uliyoizima vizuri itabaki imezimwa. Zima mashine zote kwa utaratibu, kata swichi kuu ya chumba, ngoja dakika moja, washa. Usiguse kibodi. Fungua mfumo kwenye kompyuta ya kaunta, fungua mzigo wowote wa zamani, na ubofye hati yake iliyoskaniwa: ikifunguka, hifadhidata, NAS na nginx zote zimefika kwa zamu yake.

Bandika mistari ya `override.conf` na ya `fstab` kwenye daftari la chumba cha seva, pamoja na jina la yuniti ya PostgreSQL na tarehe, ili fundi atakayekuja kusasisha toleo ajue pa kubadilisha.